Madaftari Matatu kwenye Chumba cha Chanjo

Walimwita Mama Faili, na jina lenyewe halikumuudhi. Cheo chake kwenye barua ya ajira kilikuwa kirefu mno kwa mtu mwenye haraka: Mratibu wa Huduma za Awali kwa Vijana Walio Hatarini. Mwenye duka jirani na zahanati alijaribu kukisoma siku ya kwanza, akakwama kwenye "huduma", akamrudishia karatasi. "Mama, mimi nitakuita kwa hayo uliyobana kwapani." Aliyobana yalikuwa mafaili manne ya bluu. Kufika jioni, vijiji vyote vinne vya kata ile vilikuwa havimjui kwa jina lingine.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kijana akianza kuharibikiwa, afikiwe mapema, kabla mambo hayajawa makubwa. Tatizo ni kwamba waliojua nani anaanza kuharibikiwa hawakuwa wakizungumza. Mwalimu mkuu alijua nani haji darasani. Nesi wa zahanati alijua nani anaumwa. Koplo wa kituo cha polisi alijua nani kapigana sokoni. Kila mmoja aliandika kwenye daftari lake, akalifungia kabatini, akatia ufunguo mfukoni.

Mama Faili aliwaomba saa moja tu, kila Jumatano. Wakakutana kwenye chumba cha chanjo, kwa kuwa ndicho pekee chenye viti vinne na mlango unaofunga. Friji la dawa lilinguruma pembeni, na mizani ya kupimia watoto ilining'inia katikati ya chumba, hivyo kila aliyesimama ghafla aligonga kichwa.

Jumatano ya kwanza, Koplo alifika amechelewa dakika arobaini, akagonga kichwa, akakaa amenuna.

"Mama, mimi kazi yangu ni wahalifu," alisema. "Watoto wana mama zao."

"Na mimi nina wanafunzi mia sita na walimu tisa," Mwalimu mkuu akadakia. "Nikishinda huku, shule nani atanishikia?"

Nesi alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. "Mimi nipo tu. Nyinyi ndio mmekuja kwangu."

Jumatano ya pili ikawa hivyo hivyo: salamu ndefu, habari za mvua, kisha kila mtu njia yake. Mkubwa wake wa wilayani akampigia simu. "Nakupa miezi mitatu. Nikisikia mnakaa mnapiga soga tu, unarudi ofisini kupanga karatasi, na ile pikipiki unairudisha."

Alipomsimulia mumewe, fundi cherehani asiyejua kuzungumza bila kutania, mume aliinua kichwa kwenye suruali aliyokuwa akiipindia. "Wakikufukuza usilie, mke wangu. Kuna vifungo vinakusubiri hapa mpaka uzeeni."

Alicheka, lakini usingizi haukumjia upesi. Asubuhi alikuwa na shauri jipya. Aliwapitia wote watatu, mmoja mmoja, akawaomba Jumatano inayofuata waje na madaftari yao. Wasieleze chochote, wasome tu yaliyoandikwa kuhusu walio chini ya miaka kumi na minane, neno kwa neno.

Nesi akakataa. "Siri ya mgonjwa ni siri, dada yangu. Hata ukinichapa viboko."

"Nakubali," alisema Mama Faili. "Basi tuwekeane sharti. Litakalosemwa mle ndani halitoki nje. Na wewe utasoma tu pale utakapoona kunyamaza kunamuumiza mtoto kuliko kusema."

Nesi alifikiri kidogo. "Hapo sawa."

Jumatano ya tatu mvua ilinyesha, na wote walifika kwa wakati kwa sababu hakukuwa na pengine pa kwenda. Mwalimu mkuu alivaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti yake ya paredi. Watoro. Waliopigana. Kisha akafika kwenye ukurasa uliojaa wino mwekundu.

"Msichana, miaka kumi na minne, darasa la saba. Haitikii akiitwa. Hugeuza uso mwalimu anapozungumza naye. Ameonywa mara tatu. Ni jeuri. Amesimamishwa masomo." Akaongeza mwenyewe, "Shule nzima tunamwita Jeuri. Mnamjua, yule wa mvunja kokoto."

Koplo akacheka. "Huyo hata kwangu yupo!" Akalamba kidole, akafunua. "Mwenye duka alimshuku, akamwamuru asimame. Akaendelea kutembea. Alipekuliwa, hakukutwa na kitu. Alipohojiwa na askari kituoni alikaa kimya. Amepewa onyo. Akirudia, apelekwe mahakamani."

Nesi aliinuka, akaikwepa mizani, akafungua kabati la chini na kuchakura hadi akatoa daftari kuukuu ambalo jalada lake lilishikwa na plasta ya vidonda. Alitafuta muda mrefu. Kisha akasoma, taratibu.

"Mtoto wa kike, miaka sita. Masikio yote mawili yanatoa usaha. Amepewa dawa ya siku saba. Arudi." Akafunga daftari. "Hakurudi. Aliyemleta alikuwa mama yake, na mwezi uleule tulimzika yule mama."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaishika kama mtu aliyesahau inavaliwa wapi.

"Hageuzi uso," alisema hatimaye. "Anageuza sikio."

Koplo alikuwa ameukodolea macho ukurasa wake. "Nilimhoji nikiwa nimeinama naandika. Hakuona mdomo wangu hata mara moja." "Halafu mimi nikaandika kimya."

Mama Faili alitamani kusema jambo la kuwafariji, lakini lililomtoka lilikuwa swali. "Sasa hivi yuko wapi?"

"Baba yake amempeleka machimboni," alisema Mwalimu mkuu. "Tangu tumsimamishe."

Kesho yake asubuhi, Mama Faili na Nesi walipanda pikipiki hadi machimbo ya kokoto, upande wa pili wa kilima. Wanawake kama ishirini na wanaume wachache walikaa kwenye vifusi vyao, nyundo zikipanda na kushuka. Msichana aliketi hatua chache kutoka kwa baba yake, kanga imefungwa kichwani kuzuia vumbi, ameshikilia jiwe kwa kipande cha mpira wa tairi ili asijiponde vidole.

Lori lilikuwa likirudi nyuma kuelekea alipokaa, likipiga honi. Hakutikisika. Baba yake aliokota kijiwe, akamrushia mgongoni. Msichana akageuka, akaliona lori, akasogea. Wala hakuonekana kushangaa. Ilikuwa wazi kwamba ndivyo alivyoitwa kila siku.

"Shikamoo, mzee," alisema Nesi.

"Marahaba. Kama mmekuja kumtetea huyu, rudini mlikotoka." Baba hakuacha kugonga. "Nimemsema mpaka koo limekauka. Huyu haitwi kwa mdomo. Ni kiburi, basi."

Nesi hakubishana. Alizunguka polepole hadi nyuma ya msichana, akakunja mikono kifuani, akasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Jamani, kuna nyoka hapo mguuni pake."

Machimbo yaliruka. Mama mmoja alipanda juu ya kifusi na nyundo yake, mwingine akatupa sinia la kokoto, na baba mtu akawa amesimama kabla hajajijua, macho yamemtoka. Msichana peke yake aliendelea kugonga jiwe. Pigo moja. La pili. La tatu. Ndipo alipoinua macho, akawaona wenzake wote wako juu, naye akaruka, huku akitazama huku na huku.

"Hakuna nyoka," alisema Nesi. "Poleni, mama zangu. Nisameheni."

Wengine walianza kumtolea maneno, lakini baba alikuwa hamsikilizi mtu. Alimtazama binti yake, akaitazama nyundo mkononi mwake, akaiweka chini kwa uangalifu kama kitu cha kuvunjika.

"Nimempiga huyu mtoto," alisema. "Nimempiga kwa kutonijibu."

Mama Faili alichuchumaa mbele yake. "Hukujua, baba. Na sisi tuliosoma, tuliomwandika kwenye madaftari, hatukujua. Sasa tunajua."

"Wamesema nini?" msichana aliuliza. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko haja, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Baba akamwinamia sikioni, akaanza kupayuka. Msichana akamshika mabega, akamsogeza nyuma. "Usipige kelele, baba. Niangalie tu usoni."

Mama Faili akamgeukia, akatamka taratibu, midomo wazi. "Kwa nini hukumwambia mtu, mwanangu?"

Msichana alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani wote mnasikia hivi hivi. Nilidhani wenzangu wana akili tu kunishinda."

Njiani kurudi, Nesi alimpiga Mama Faili begani hadi akasimamisha pikipiki. "Yule mmoja tumemwona," alisema. "Kuna wangapi wengine?"

Ndipo kazi ilipoanza. Mwalimu mkuu alitoa stoo ya madawati, na kwa siku tatu watoto mia sita walipita, mmoja mmoja, wakikaa wameupa mlango mgongo. Nesi alisimama nyuma yao, akawaziba sikio moja kisha la pili, akinong'ona majina ya wanyama ili wayarudie. Mbuzi. Punda. Kondoo. Kuna waliojibu upesi, kuna waliocheka, na mmoja aliyesema "simba" kila mara akitumaini atabahatisha. Walipomaliza, wasiosikia sawasawa walikuwa kumi na mmoja. Ukimjumlisha Jeuri, kumi na wawili.

Mwalimu mkuu alichukua orodha, akailinganisha na daftari lake. Wanane kati yao walikuwa wameshaandikwa: mkaidi, mzembe, mzito wa kuelewa, mtoro. Alitoa rula na kalamu, akafuta maneno yale moja baada ya jingine, mstari mnyoofu juu ya kila neno. Hakumwachia mtu mwingine afanye.

Daktari bingwa wa masikio alifika hospitali ya wilaya mara mbili kwa mwaka, siku moja tu kila safari, na siku hiyo ilikuwa imebaki wiki moja na kidogo. Angewaona thelathini wa kwanza. Kila mtoto alihitaji barua ya rufaa, saini ya mzazi, na kufika kabla ya saa tatu asubuhi, umbali wa mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari.

"Saini niachieni mimi," alisema Koplo Jumatano iliyofuata, kifua mbele. Akapiga pasi sare, akaenda. Jioni alirudi na saini mbili. "Wakiniona tu wanatokea mlango wa nyuma," alilalamika. "Baba mmoja kaingia kwenye banda la kuku. Nimemsubiri nusu saa, nikamhurumia, nikaondoka."

Aliyeokoa jahazi alikuwa mvunja kokoto. Hakuna aliyemtuma. Alisikia, akavaa shati safi, akaanza kupita nyumba kwa nyumba na fomu za Mama Faili kwenye mfuko wa nailoni. Kwa kila mzazi alisema maneno yale yale. "Mimi wangu nilimpiga miaka, kumbe hasikii. Wewe usisubiri ufike nilipofika." Waliosita siku mbili walitia saini kwa dakika mbili. Asiyejua kuandika alitia dole gumba. Mama mmoja aliyekuwa akiapa kwamba mwanawe amelogwa alishika tama, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Leta hiyo kalamu."

Barua zilikuwa tayari, saini kumi na mbili. Siku moja kabla ya safari, saa kumi alasiri, simu ikalia. Alikuwa mkubwa wa wilayani. Gari waliloahidiwa limechukuliwa na ziara ya wageni. "Safari ijayo," alisema. "Baada ya miezi sita, siyo mbali."

Mama Faili alikaa kwenye ngazi ya zahanati. Kwa Jeuri, miezi sita ilikuwa mtihani wa mwisho kupita bila yeye. Alimtazama Nesi.

"Usinitazame hivyo," alisema Nesi. "Unakunja uso kama mtu aliyefiwa. Shemeji yangu anaendesha gari la maziwa. Anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anapita nyuma ya hospitali kila siku ya Mungu. Ngoja nimpigie."

Shemeji alisikika hadi kwenye ngazi. "Shemeji, mimi nabeba maziwa, sibebi shule!"

"Watoto kumi na wawili tu. Na watu wazima watatu."

"Na maziwa yangu yakimwagika?"

"Utaniambia mimi. Si ndiye ninayekuchoma sindano za mgongo?"

Upande ule kikohozi kikasikika. "Saa kumi na moja kamili," alisema shemeji. "Asiyekuwepo namwacha."

Hakuachwa mtu. Watoto walikaa kati ya madebe ya maziwa, wameyakumbatia ili yasigongane, na Koplo, aliyekuja bila kuombwa, alikaa mlangoni na kofia mapajani. Kwenye tope la bondeni gari lilikwama. Koplo alivua viatu, akakunja suruali ya sare, akashuka. Mvunja kokoto akashuka upande wa pili, na wawili hao, askari na mtu aliyekaribia kumwona binti yake mahakamani, waliweka mabega yao pamoja wakasukuma. Lilipochomoka, wote wawili walibaki wamepakwa tope hadi kwenye nyusi. Watoto walipiga makofi.

Waliingia hospitalini saa tatu kasoro dakika kumi na tano. Karani wa mapokezi aliliona kundi linalonuka maziwa na tope, akaanza kutikisa kichwa. "Barua za rufaa?" Mama Faili akaweka faili juu ya kaunta. "Ridhaa za wazazi?" Faili la pili. "Maendeleo ya shule? Historia ya ugonjwa?" La tatu na la nne. Karani alifunua, akafunua tena. Akainua macho.

"Miaka kumi na moja nimekaa dirisha hili," alisema. "Huwa nauliza kwa mazoea tu; hakuna aliyewahi kunipa kila kitu. Pitisheni watoto. Namba kumi na tano hadi ishirini na sita."

Watatu kati yao hawakuwa na zaidi ya nta iliyogandamana; mmoja alitolewa punje ya harage iliyokuwa imeishi sikioni tangu sijui lini, akashuka kitandani akiwafokea wenzake, "Mbona mnapiga kelele hivyo?" Wengine walipewa dawa. Jeuri alichunguzwa muda mrefu kuliko wote. Ngoma za masikio yote mawili zilikuwa na matundu. Bingwa alimkalisha ana kwa ana, akamweleza kwa midomo na kwa mikono: dawa ya matone wiki sita, maji yasiingie hata tone, kisha sikio moja litafanyiwa upasuaji na lingine litavaa kifaa cha kusikia.

Wiki sita baadaye masikio yalikuwa makavu, na upasuaji ukapangiwa safari ijayo ya bingwa. Siku ya kifaa, Mama Faili alisimama mlangoni mwa chumba kidogo chenye harufu ya spiriti. Fundi wa vifaa alikibandika sikioni, akazungusha kidude kidogo sana. Msichana akashtuka, akashika ukingo wa kiti. Baba yake aliinama. Alisema lililomjia kwanza. "Umekula?"

Msichana alimkazia macho. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, akasema, "Baba, mbona sauti yako nyembamba hivyo? Mwili wote huo!"

Mvunja kokoto alicheka hadi machozi yakamtoka, au alilia hadi akacheka. Mama Faili hakuweza kutofautisha, naye mwenyewe hakuwa akiona vizuri.

Shule ilimpokea, kiti cha mbele. Mwalimu mkuu alimwomba radhi paredi, mbele ya mia sita, na tangu siku ile aliyethubutu kumwita Jeuri alipewa darasa zima kufagia. Koplo alikwenda dukani na kumweleza mwenye duka kisa chote huku akimwomba ampigie mvunja kokoto simu ya pole, na mwenye duka akaenda mwenyewe kwa miguu badala ya kupiga simu. Miezi mitatu ilipokwisha, mkubwa wa wilayani alikuja Jumatano bila taarifa. Hakukuwa na kiti. Alisimama saa nzima karibu na mizani, akisikiliza wakipanga jinsi ya kumrudisha shuleni msichana mwingine aliyejifungua, na nani atampeleka kwa mshauri mvulana wa kijiji cha tatu aliyeanza kulewa. Alipotoka aliuliza swali moja tu: kata nyingine tano zinaweza kuanza lini?

Matokeo ya mtihani wa kumaliza shule yalibandikwa asubuhi moja ya jua kali. Mama Faili alisoma jina lile, akalisoma tena kwa kidole, akaiwasha pikipiki bila hata kuvaa kofia vizuri. Alimkuta msichana machimboni, amempelekea baba yake chakula.

"Amechaguliwa!" alipiga kelele kabla hajazima injini. "Sekondari! Wa nne kati ya wasichana wote wa kata!"

Nyundo zilisimama. Kisha wale wanawake wakaanza vigelegele, wakigonga mawe kwa mawe, na vumbi likapanda juu kama moshi. Mvunja kokoto aliweka nyundo chini. Alimwinua binti yake mzima mzima, mwenye miaka kumi na mitano na miguu mirefu kama ya mbuni, akamkalisha begani, akaanza kushuka naye kilima kuelekea kijijini.

"Baba, nishushe! Watu wanatuangalia!"

"Waangalie," alisema baba. "Waangalie vizuri."